Aliyeokotwa njiani akawa mwokotaji: Adrian Atiman, tabibu wa Karema



Dominika ya leo, ya 15 ya Mwaka C, Mama Kanisa anatusomea Injili ya Luka sura ya 10, habari ya Msamaria mwema. Wengi wetu tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Shida ya habari tuliyoizoea ni kwamba hutupitia masikioni kama upepo wa ziwani: tunausikia, hatuusikilizi.

Kwa hiyo naomba tuiache kwa muda ile barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko, tusimame kwenye barabara yetu wenyewe. Ukifika Ujiji utaonyeshwa miembe mikongwe. Hapo ilianzia njia ya misafara, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Katika njia hiyo walioanguka mikononi mwa wanyang'anyi hawakuwa mtu mmoja kama katika Injili. Walikuwa maelfu, kongwa shingoni na pembe za ndovu mabegani, na wengi wao hawakufika pwani.

Leo nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeipita njia hiyo kinyume. Wenzake walishushwa pwani wakiwa watumwa. Yeye, aliyewahi kuibwa na kuuzwa, aliipanda kutoka pwani hadi ziwani akiwa mtu huru, tena tabibu, akienda mahali ambapo vita vya watumwa vilikuwa bado vinawaka. Jina lake ni Adrian Atiman. Waumini wa Karema, Mpanda na Sumbawanga wanamkumbuka. Sisi wa Kigoma, tunaokunywa maji ya ziwa lilelile, wengi wetu tumemsahau.

Mtoto aliyeibwa

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Alikuwa angali mtoto wakati wafanyabiashara ya watumwa walipomteka. Walimvusha jangwa la Sahara mpaka Algeria.

Msomaji wangu, usiliruke upesi neno hilo, Sahara. Wewe mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mtazame anavyolala usiku wa leo, kisha umfikirie yuko katikati ya watu asiowajua, anatembezwa kwenye mchanga usio na mwisho, mchana jua, usiku baridi, maji ya kupimiwa. Hakumuaga mama yake. Hakujua anapelekwa wapi. Kila siku moja ilimweka mbali zaidi na lugha yake na watu wake, na kule alikotoka hakukuwa na wa kumfuata.

Huko Algeria alikutana na wamisionari waliotoa fedha na kumkomboa. Walikuwa wa shirika changa, Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tumezoea kuwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Mwaka 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliuawa jangwani wakiwa njiani kwenda Timbuktu, upande ule ule alikoibwa Atiman. Njia iliyomleta mtoto huyu utumwani ndiyo iliyowameza wale waliotaka kwenda kwao.

Kwa hiyo Atiman alinunuliwa mara mbili. Neno hilo halipendezi, na wala halipaswi kupendeza. Mara ya kwanza fedha zilitolewa ili awe mali ya mtu. Mara ya pili zilitolewa ili asiwe mali ya mtu yeyote tena. Mtume Paulo anapowakumbusha Wakorintho kwamba walinunuliwa kwa thamani kubwa, sisi tunaosoma tukiwa tumekaa kwenye mabenchi tunaona ni mfano mzuri wa kuhubiria. Kwa Atiman haukuwa mfano. Ilikuwa historia ya mwili wake.

Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na fikra iliyowashangaza wengi wakati ule. Aliona kwamba Wazungu peke yao hawataweza kuipelekea Afrika Injili, kwanza kwa sababu walikuwa wanakufa upesi kwa homa, na pili kwa sababu Mwafrika humsikiliza zaidi Mwafrika mwenzake anayeishi kama yeye, mwenye mke, watoto na shamba. Mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta. Vijana Waafrika waliokombolewa utumwani walipelekwa huko kusomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta, ili warudi barani wakiwa madaktari na wakati huohuo makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao.

Alihitimu mwaka 1888, kijana wa miaka kama 22. Ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Mwezi Mei Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua kuhusu kukomeshwa kwa utumwa. Julai Lavigerie alisimama Paris na London akiwaeleza watu wa Ulaya jinsi vijiji vya Afrika ya kati vinavyochomwa moto. Na huku kwetu, kabla mwaka haujaisha, pwani yote ilikuwa imechafuka kwa vita vya Abushiri na Wajerumani. Katika mwaka huohuo Atiman alijiunga na msafara wa wamisionari, akavuka bahari, akaanza kupanda bara kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mtu aliyepona kuumwa na nyoka hukwepa nyasi ndefu. Huyu alikuwa amekwisha toka utumwani, amesoma, ana taaluma mkononi. Angeeleweka kabisa kama angesema kwamba yeye ameshaonja ya kwake, sasa waende wengine. Badala yake alikwenda kuishi katikati ya misafara ya watumwa, katika nchi ambayo haikuwa kwao, miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuijua.

Ziwa lenye vita

Ili uelewe alikokwenda, inabidi uujue ufuko huu ulivyokuwa. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Mwaka 1881, kule Rumonge upande wa Burundi, mapadre wawili na mlei mmoja aliyekuwa akiwasaidia waliuawa kwa siku moja. Ujiji ilikuwa ngome ya wafanyabiashara wakubwa, na aliyevuma kuliko wote alikuwa Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Watu wake wenye bunduki walivuka ziwa kwa majahazi na mitumbwi, wakaingia vijiji vya Kongo na Burundi kutafuta pembe za ndovu na watu.

Nasema haya kwa uangalifu, kwa sababu tunaishi Ujiji na Kigoma pamoja na ndugu zetu Waislamu, na sitaki mtu atumie historia kama jiwe la kumrushia jirani. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwepo matajiri wa pwani, walikuwepo watemi wetu waliowauza watu wao wenyewe au mateka wa jirani zao, na walikuwepo Wazungu na Wamarekani waliozitaka pembe za ndovu kwa ajili ya vinanda na mapambo, bila kuuliza zimebebwa na mabega ya nani. Hata bendera zilizokuja baadaye kwa jina la kukomesha utumwa zilikuja na tamaa zake. Ngome ya Karema yenyewe ilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha mfalme wao, Leopold II, na ilipewa wamisionari mwaka 1885. Historia ya Kanisa kwenye ziwa hili ina bunduki na bendera ndani yake, na hatupati faida yoyote kwa kuificha.

Karema iko kusini mwetu, ufukoni, katika nchi ya Wabende. Siku hizi ni mkoa wa Katavi, jimbo la Mpanda. Ng'ambo yake, upande wa Kongo, iko Mpala. Huko alikaa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akiwafunza vijana kulinda vijiji na kupambana na wawindaji wa watumwa kwa silaha. Miaka ya 1890 hadi 1892 mapigano yalikuwa makali hasa. Mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilikuwa zimevunjwa na majeshi ya Wabelgiji upande wa Kongo.

Basi tazama: ng'ambo moja askari, ng'ambo nyingine tabibu. Mmoja alizuia risasi isimfikie mtu, na mwingine alimsubiri yule ambaye risasi ilikuwa imekwisha mfikia. Watu husimulia zaidi habari za mwenye bunduki. Leo naomba tukae na mwenye bandeji.

Kazi ya mikono

Atiman alifika Karema mwaka 1889. Nataka uone maana ya kuwa tabibu mahali kama pale, mwaka kama ule.

Silaha ya siku zile ilikuwa gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni. Risasi yake ni donge la risasi au kipande chochote cha chuma, na inapoingia mwilini huvunja mfupa vipandevipande na kuburuta ndani kipande cha nguo, udongo na uchafu. Mara nyingi kinachomuua mtu ni uozo unaofuata siku chache baadaye, wakati risasi yenyewe haikumuua. Zaidi ya hao walikuwepo waliochomwa mkuki. Walikuwepo waliotoroka misafara au kukombolewa, shingo zimechubuliwa na kongwa, vifundo vya miguu vimeliwa na minyororo. Kazi ya tabibu ni kuzuia damu isimwagike, kulifungua jeraha, kulisafisha mpaka chini kabisa, kutoa mfupa uliovunjika, kukata kiungo ambacho hakiwezi kupona, kisha kukaa na mgonjwa usiku baada ya usiku akibadilisha bandeji na kuangalia kama homa inapanda.

Na vifaa? Picha ya eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Ilikuja mwaka 1895. Kwamba malaria inaletwa na mbu, binadamu walithibitisha mwaka 1897. Penisilini iligunduliwa 1928, na wagonjwa wa kawaida hawakuipata mpaka miaka ya 1940. Daktari mwingine wa kumwomba ushauri alikuwa safari ya siku nyingi. Dawa zilizoagizwa Ulaya zilitegemea misafara ya wapagazi, na vita vikifunga njia, sanduku la dawa linabaki tupu. Ndiyo maana Atiman hakuidharau elimu ya miti aliyoikuta. Alijifunza dawa za wenyeji, akaziunganisha na upasuaji aliousomea Malta. Baada ya vita vya watumwa kupita, sifa yake ilibaki vinywani mwa watu kwa sababu ya majeruhi wa namna nyingine pia, hasa walioraruliwa na wanyama wakali, ambao aliwashona wakapona.

Ewe uliyewahi kulala wodini usiku unajua: mgonjwa husikiliza mikono ya anayemhudumia kuliko maneno yake. Mikono inayojua uchungu hugusa kwa namna yake. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mtu aliyetoka kwenye kongwa akiinua macho, aliyekuwa anamsafisha shingo alikuwa Mwafrika mwenzake aliyewahi kuuzwa kama yeye. Mahubiri gani ya mimbarini yangeweza kulizidi hilo?

Ujasiri wa kubaki

Tukisikia neno shujaa, tunafikiri tendo la saa moja: mtu anakimbia katikati ya risasi na kumbeba mwenzake begani. Huo ni ujasiri wa kweli na Mungu awabariki wenye nao. Lakini Injili ya leo inao ujasiri mwingine ambao mara nyingi tunausahau. Msamaria hakuishia kumfunga majeraha yule mtu. Alimpandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, akalipa dinari mbili, na akaahidi kwamba atarudi. Upendo wake ulikuwa na kesho.

Atiman alikuwa na kesho nyingi. Alioa Karema, mke wake akawa Agnes Wansabira, wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Mtoto aliyevunjwa kutoka katika ukoo wake huko Niger akapata ukoo mpya kwenye ufuko huu. Mwana wao, Joseph, aliitwa na Mungu katika upadre, akawa miongoni mwa mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi hii. Sisi mapadre wa leo tunaojiona tumeanza juzi, tuna babu zetu kwenye altare hizi, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu aliyeuzwa.

Miaka ikapita. Wajerumani wakaja, wakajenga boma Ujiji na reli mpaka Kigoma, iliyofika mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ikapigwa mpaka ndani ya ziwa. Wabelgiji wakaiteka Kigoma Julai 1916. Waingereza wakapewa Tanganyika, na mwaka 1922 sheria ikafuta utumwa katika nchi nzima. Kapteni Joubert akafariki mwaka 1927, ng'ambo. Vita Kuu ya Pili ikaja ikaisha. Tabibu wa Karema alikuwa bado pale pale, akitibu asubuhi na kufundisha dini. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la kitaaluma la Tanganyika. Alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90, baada ya kuitumikia Karema kwa miaka 67.

Sitini na saba, msomaji wangu. Sisi tunahama parokia kwa sababu mwenyekiti wa jumuiya ametusema vibaya.

Yosefu mwingine

Ukisoma Kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 37, unakutana na kijana mwingine aliyeuzwa kwa msafara wa wafanyabiashara. Yosefu alivuliwa kanzu, akatupwa kisimani, akauzwa na ndugu zake mwenyewe. Mungu alimwinua Misri, na njaa ilipoingia, ndugu walewale walikuja wakiwa na magunia matupu. Alikuwa na uwezo wa kuwanyima. Akawapa chakula, na alilia.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha maisha ya Atiman, na ndipo penye vita vyetu sisi pia. Kila aliyejeruhiwa husimama kwenye njia panda. Anaweza kusema, nilitendewa hivi, kwa hiyo dunia inanidai nini? Au anaweza kusema, nilitendewa hivi, kwa hiyo najua mwenye jeraha anahitaji nini. Jeraha ni lilelile. Kinachotofautiana ni swali ulilolijenga juu yake. Tumezoea methali isemayo adui mwombee njaa. Yosefu na Atiman waliishi kinyume chake.

Mababa wa Kanisa, Origene na Agostino kati yao, waliusoma mfano wa leo kwa namna ambayo pengine hujaisikia. Walisema yule mtu aliyeachwa nusu mfu ni Adamu, yaani mimi na wewe. Msamaria ni Kristo. Nyumba ya wageni ni Kanisa. Maana yake kabla ya mimi kuambiwa niende nikafanye vivyo hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nimelala barabarani na kuna aliyeniinamia. Anayesahau kwamba aliokotwa hawezi kumwokota mwenzake bila kumdharau. Atamsaidia huku akipiga picha. Atiman hakuweza kusahau, na naamini ndiyo sababu aliweza kubaki.

Kwetu leo

Mpendwa msomaji, naomba nikuungamie jambo. Miaka mingi iliyopita, msimu wa mvua, nilikuwa naendesha gari kuelekea kigango nilikokuwa na Misa ya saa nne. Njiani nilimwona kijana wa bodaboda ameanguka, pikipiki iko juu ya mguu wake, watu wawili wamesimama. Nilipunguza mwendo. Nikatazama saa. Nikajiambia kwamba wale wawili watamsaidia, na kwamba waumini wananisubiri. Nikapita. Nilifika kigangoni mapema, nikaadhimisha Misa, na wala sikumbuki nilihubiri nini. Wiki iliyofuata katekista alinieleza kwamba kijana yule alikaa pale kwa muda mrefu mpaka dereva wa lori aliposimama akamchukua hospitali. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini kwa mguu wenye kilema. Tangu siku hiyo, kuhani anayepita kando katika Injili ya leo ana sura ninayoijua. Ninaiona kwenye kioo.

Kwa hiyo siandiki haya kama mtu aliyekwisha fika. Naandika kama mtu anayetaka safari ijayo asimame.

Na mahali pa kusimama hapajaisha. Mwezi Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walifika Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa ufuko chini ya milima, wakikimbia machafuko. Kipindupindu kikawaingia. Wahudumu wa afya walikwenda kuwatibu pale pale, na MV Liemba ikasafiri kwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma. Meli hiyo, unaijua historia yake, ilitengenezwa na Wajerumani iwe meli ya abiria na mizigo, ikiitwa Götzen, kisha ikafungwa mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilizamishwa mwaka 1916 na mabaharia wake wenyewe isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924. Chombo kilichofungwa mizinga kwa ajili ya kuua, miaka mia moja baadaye kilibeba akina mama na watoto wagonjwa. Kama Mungu aliweza kuifanyia hivyo chuma, je, moyo wako?

Naomba basi tuondoke Dominika hii na mambo machache ya kufanya kwa mikono. Kila parokia ina vijana. Hebu wachache kati yao wajifunze huduma ya kwanza, wajue namna ya kuzuia damu na namna ya kumbeba mtu aliyevunjika bila kumvunja zaidi. Hospitali zetu zina uhaba wa damu. Mwenye afya aende akachangie, kwa kuwa hiyo ndiyo divai na mafuta ya nyakati zetu. Anayekuta ajali barabarani airudishe simu mfukoni kwanza. Na anayemsema mkimbizi wa Nyarugusu kama mzigo akumbuke kwamba tabibu mkuu wa ufuko huu naye alikuja akiwa mgeni asiye na ndugu hata mmoja hapa.

Lipo na moja gumu zaidi, la wewe ambaye umejeruhiwa na bado hujapona. Labda uliuzwa na wa nyumbani mwako kama Yosefu: ndugu aliyekudhulumu shamba, mume aliyekuacha na watoto, mzazi aliyekunyima shule. Sitakuambia usahau, kwa sababu Atiman hakusahau. Nakuomba umpe Kristo ruhusa akuinamie kwanza, akufunge jeraha, akupandishe kwenye mnyama wake. Ukishapata nguvu, tazama kando yako. Yupo mwingine amelala njiani mwenye jeraha kama la kwako, na hakuna atakayelijua kulifunga kama wewe.

Tumwombe Mungu, aliyemtoa mtoto wa Tundurma jangwani akamfikisha Karema, awajalie pumziko la milele mtumishi wake Adrian, mkewe Agnes na mwana wao Padre Joseph, na wote waliokufa katika njia ya Ujiji bila mtu wa kuwafunga majeraha. Nasi atujalie macho ya kuona, na muda wa kusimama.

Nakutakia Dominika njema.